Baada ya Chanjo na kwa Sababu ya Chanjo: Lugha ya Kuainisha na Kueleza Madhara ya Chanjo katika Pwani ya Bagamoyo

1. Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni namna wataalamu wa tiba wanavyoainisha madhara ya chanjo, na namna uainishaji huo unavyofikishwa kwa wananchi kwa lugha ya Kiswahili. Kwa mtazamo wa haraka, mada hii ni ya madaktari wala haiwahusu wanaisimu. Hata hivyo, mzazi wa Kaole, Kerege au Mapinga anaporudishiwa mtoto wake kliniki baada ya kuchomwa sindano, na kuelezwa atarajie nini usiku ule, hakabidhiwi jedwali la takwimu. Anaambiwa sentensi. Sentensi hiyo ina nomino, kitenzi na njeo, na kila kimoja kati ya hivyo kinabeba dai. Iwapo dai linalosikika silo alilokusudia mtaalamu, kosa ni la lugha, na gharama yake huenda ikalipwa na mtoto.

Hoja kuu inayotetewa hapa ni hii: elimu ya usalama wa chanjo imejengwa juu ya msingi wa kutenganisha jambo lililotokea baada ya chanjo na jambo lililotokea kwa sababu ya chanjo. Kiswahili kina nyenzo zote za kuyatenganisha mambo hayo mawili. Lakini istilahi na miundo iliyozoeleka katika mawasiliano ya afya huyachanganya.

Bagamoyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo mjini hapo kimeshiriki katika majaribio makubwa ya chanjo za malaria tangu miaka ya 2000. Pili, wilaya ya Bagamoyo ni mojawapo ya sehemu za pwani ambako msamiati wa wenyeji kuhusu homa ulichunguzwa kwa makini hata kabla ya majaribio hayo. Kwa hiyo hapa lugha ya maabara na lugha ya baraza zinaweza kutazamwa pamoja.

2. Historia fupi ya neno chanjo

Nomino chanjo imetokana na kitenzi -chanja, ambacho maana yake ya msingi ni kupasua au kukata. Watu huchanja kuni. Vilevile mganga humchanja mgonjwa kwa wembe na kumpaka dawa katika chale. Chanjo ya ndui ilipoingia katika nchi za pwani, ilitolewa kwa kukwaruza au kudunga ngozi na kuacha alama, hivyo neno lililokuwapo liliifaa bila taabu. Mgonjwa wa mwisho wa ndui iliyoambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imetokomezwa. Ugonjwa ukatoweka, neno likabaki.

Historia hii ina funzo. Katika mila ya kuchanja, jeraha ni sehemu ya tiba. Hata leo chanjo ya BCG ya kuzuia kifua kikuu huacha kovu, na wauguzi hulitazama kovu hilo kama ishara kwamba mtoto alichanjwa. Kovu ni badiliko la mwili lililosababishwa na chanjo, lakini hakuna anayeliita dhara. Ni wazi basi kwamba si kila kinachosababishwa na chanjo huitwa madhara, na, kama itakavyoonekana, si kila kinachoitwa madhara kimesababishwa na chanjo.

3. Uainishaji wa kitaalamu na majina yake

Mfumo unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani huanza na dhana pana kuliko zote, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa tukio baada ya chanjo. Dhana hii inajumuisha jambo lolote baya la kiafya linalofuatia chanjo, bila sharti la kuwa limesababishwa na chanjo. Mtoto akianguka mtini siku mbili baada ya kuchanjwa, kuanguka huko kunaweza kuandikwa. Kwanza huandikwa, kisha huchunguzwa, na mwisho ndipo huainishwa.

Kwa upande wa chanzo, matukio hugawanywa katika makundi matano. Kundi la kwanza ni la yale yanayotokana na asili ya chanjo yenyewe, kama vile homa na uvimbe. La pili ni la yale yanayotokana na kasoro ya utengenezaji. Mfano unaofahamika sana ni wa mwaka 1955 nchini Marekani, pale baadhi ya chanjo za polio za kampuni ya Cutter zilipokutwa na virusi hai. La tatu ni la makosa ya utoaji, kwa mfano jipu lililosababishwa na sindano isiyo safi. La nne ni la wasiwasi wa kuchomwa sindano, kama msichana wa shule anayezimia akiwa kwenye foleni. La tano ni la sadfa: ugonjwa ambao ungempata mtoto hata kama asingechanjwa.

Kwa upande wa uzito, wataalamu hutenganisha sifa mbili ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Ya kwanza ni ukali, yaani kiwango cha maumivu au cha joto. Ya pili ni uzito wa matokeo: je, tukio limesababisha kifo, limehatarisha maisha, limemlaza mtu hospitalini, au limemwachia ulemavu? Kichwa kinaweza kuuma vikali bila tukio hilo kuwa zito. Maneno -kali na -zito yanatosha kuibeba tofauti hii, mradi kila moja libaki na kazi yake.

Majina yanayotumika sasa hayaibebi migawanyo hii sawasawa. Madhara ni neno lenye asili ya Kiarabu lenye uhusiano na kitenzi -dhuru. Anayelitumia amekwishatamka kwamba kuna kitu kimedhuru. Athari ni pana zaidi, kwani athari yaweza kuwa njema au mbaya, lakini nayo inadai chanzo. Maudhi, neno lililozoeleka katika elimu ya uzazi wa mpango, hasa kwa umbo la maudhi madogo madogo, linafaa kwa kichefuchefu au maumivu ya mkono, lakini kumwita maudhi mtoto aliyelazwa ni kumdhihaki mzazi wake. Tukio peke yake ndilo lisilohukumu. Kwa bahati mbaya, ndilo lisilosikika sana kliniki.

4. Ushahidi wa Bagamoyo

Umuhimu wa neno tukio unaonekana vizuri katika utafiti uliofanyika Bagamoyo chini ya uongozi wa Dkt. Salim Abdulla na wenzake, ambao matokeo yake yalichapishwa mwezi Desemba 2008. Watoto wachanga 340 waligawanywa katika makundi mawili ya watoto 170. Kundi moja lilipewa chanjo ya malaria ya RTS,S, jingine likapewa chanjo ya homa ya ini aina ya B, na makundi yote mawili yakapata chanjo za kawaida za utotoni.

Katika kundi la RTS,S, watoto 31 walipata angalau tukio moja zito. Mtu akielezwa habari hiyo kwa sentensi moja, kwamba watoto 31 kati ya 170 walipata madhara mazito ya chanjo, atashtuka, na ni haki yake kushtuka. Lakini katika kundi la pili, ambalo halikupewa chanjo ya malaria, waliopata matukio mazito walikuwa 42. Katika wilaya yenye malaria, nimonia na magonjwa ya kuhara, watoto wengi huugua na kulazwa, wachanjwe wasichanjwe. Idadi ya matukio haielezi jambo lolote kuhusu chanjo mpaka iwekwe kando ya idadi nyingine.

Hii ndiyo maana ya kuwa na kundi la ulinganisho, na ndiyo sababu maneno matukio na madhara hayawezi kubadilishana nafasi. Anayeandika matukio 31 ameripoti. Anayeandika madhara 31 amehukumu, na hukumu yake si ya kweli.

5. Degedege: neno lenye chanzo chake

Mwezi Mei 2009 jaribio la awamu ya tatu la RTS,S lilianza Bagamoyo. Hatimaye lilihusisha zaidi ya watoto 15,400 katika vituo 11 vya nchi 7, Korogwe na Kilifi vikiwamo. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba kwa watoto waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, mtukutiko wa mwili ndani ya siku 7 ulitokea mara 1.04 kwa kila dozi 1,000 za RTS,S, na mara 0.57 kwa kila dozi 1,000 za chanjo ya ulinganisho. Kwa maneno mepesi, tofauti hiyo ni takriban tukio moja la ziada katika kila dozi 2,000.

Kwa Kiswahili cha pwani, tukio hilo lina jina: degedege. Na hapa ndipo ugumu unapoanza. Mwaka 1996, watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo, miongoni mwao A. M. Makemba na P. J. Winch, walichapisha makala kuhusu istilahi za homa na kuhusu tiba ya degedege wilayani humo. Ilidhihirika kwamba wazazi wengi waliitambua degedege kuwa ni hatari kubwa, lakini hawakuihesabu kuwa ni malaria, na tiba za jadi zilikuwa na nafasi kubwa katika kuishughulikia. Jina lenyewe linadokeza sababu: dege ni ndege mkubwa, naye huhusishwa na kitu kinachompitia mtoto. Kaskazini zaidi, katika pwani ya Kilifi, maradhi yanayofanana na haya huitwa nyuni, na nyuni nalo ni neno la kale la ndege. Aidha, katika sehemu kadhaa za Tanzania imeripotiwa imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Yakiwekwa pamoja, mambo haya yanazaa hali ngumu. Muuguzi anayesema tu kwamba mtoto anaweza kupata homa ameacha kulitaja jambo lenyewe. Homa kwa Kiswahili ni neno pana mno: hutaja joto la mwili, uchovu na kujisikia vibaya, na pia huongoza majina ya magonjwa mengine mazito kama homa ya uti wa mgongo, homa ya ini na homa ya manjano. Muuguzi akitaja degedege bila maelezo, huenda akazua hofu ya sindano inayoleta kile ambacho sindano inaaminiwa kukigeuza kuwa kifo. Akitumia istilahi mpya ya kitabibu, mzazi hataitambua degedege itakapomfika mtoto wake saa nane za usiku.

Athari ya tatizo hili inaufikia uainishaji wenyewe. Mtoto akishikwa na degedege siku ya tatu baada ya chanjo, huenda ni homa iliyoletwa na chanjo, ambayo kwa kawaida hupita. Huenda pia ni malaria kali iliyosadifu, ambayo bila tiba huua. Kwa macho matukio haya hufanana, na kwa jina ni moja. Kipimo cha damu ndicho kinachoweza kusaidia kuyatenganisha, na kipimo hicho kipo kituo cha afya. Mzazi akienda kwingine kwanza, tukio haliandikwi, halichunguzwi wala haliainishwi. Na kama ni malaria, mtoto anapoteza saa zenye thamani. Kwa hiyo neno analoambiwa mzazi kliniki linaamua kama mtoto atatibiwa kwa wakati, na kama takwimu za taifa zitakuwa za kweli.

Njia inayopendekezwa hapa ni kulitumia neno degedege waziwazi, kisha kulifungamanisha na joto la mwili na na hatua ya kuchukua: kwamba joto likipanda sana, kwa chanjo au kwa malaria, baadhi ya watoto hushikwa na degedege, kwamba ikitokea mtoto aletwe kituoni mara moja, na kwamba hata mzazi aliyetumia tiba nyingine kwanza atapokelewa bila kugombezwa. Sehemu hii ya mwisho si adabu tu. Bila hiyo habari haziji.

6. Sarufi ya sababu

Mbali na msamiati, miundo ya sentensi nayo hutoa hukumu. Vipengele vinne vinastahili kutajwa.

Cha kwanza ni kihusishi -a. Katika kirai madhara ya chanjo, kiungo ya hakielezi kama madhara yametoka kwenye chanjo au yamekuja baada yake. Lakini msikilizaji, kwa kukosa kielezi kingine, huchukua maana ya kutoka. Madhara yatokanayo na chanjo hulitamka dai hilo wazi. Matukio yaliyofuatia chanjo hutamka wakati peke yake. Miundo hii mitatu si visawe, na haifai kupokezana nafasi katika fomu moja.

Cha pili ni kiambishi -ka-. Masimulizi ya Kiswahili huunganisha matendo kwa kiambishi hiki, na mfuatano wake hupokewa kirahisi kuwa ni usababisho: Alipelekwa kliniki, akachomwa sindano, akashikwa na degedege. Hakuna neno la sababu katika sentensi hiyo, lakini kila anayeisikia ameisikia sababu. Ndiyo maana uvumi huvaa vazi la -ka-. Anayechukua maelezo ya tukio hana budi kuuvunja mfuatano huo kwa tarehe: Alichomwa sindano Jumatatu. Alhamisi alishikwa na degedege. Siku hiyohiyo alipimwa, na vimelea vya malaria vilionekana.

Cha tatu ni hu- ya mazoea. Chanjo hii huleta homa ni kauli ya kanuni, mithili ya kusema jua huchomoza mashariki. Baadhi ya watoto hupata homa ni kauli ya idadi. Mtoto wako anaweza kupata homa ni kauli ya uwezekano. Kauli ya kwanza humfanya mzazi ambaye mtoto wake hakupata homa ashuku kwamba chanjo haikufanya kazi.

Cha nne ni lugha ya idadi. Kwa wataalamu, tukio nadra ni lile linalompata chini ya mtu 1 katika 1,000 lakini si chini ya 1 katika 10,000. Likipungua hapo huwa nadra sana. Kwa msemaji wa kawaida, nadra ni kitu kisichopatikana kwa urahisi, basi. Mara chache ni mbaya zaidi, kwa kuwa huhesabu mara badala ya watu, na mzazi anaweza kuelewa kwamba mtoto wake mwenyewe atapatwa mara mojamoja. Tanzania ilipoanza kutoa chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, kwa dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, hatari ya damu kuganda ilibidi ielezwe kwa umma uliokuwa umekwishasikia habari hizo. Katika hali kama hiyo, kutaja mtu mmoja katika idadi fulani ya watu kuna maana kuliko kusema nadra sana.

7. Gharama ya kunyamaza

Kuna maoni kwamba maelezo mengi huwatia watu hofu, na kwamba ni heri kusema machache. Historia ya RTS,S inayajibu maoni hayo. Jaribio la awamu ya tatu lilipokamilika, ilionekana kwamba katika kundi la watoto wa miezi 5 hadi 17 kulikuwa na wagonjwa 21 wa homa ya uti wa mgongo miongoni mwa waliopewa RTS,S, na 1 tu katika kundi la ulinganisho, ambalo lilikuwa na nusu ya idadi ya watoto. Lilionekana pia swali kuhusu malaria ya ubongo, na jingine kuhusu vifo vya watoto wa kike. Dalili hizo hazikuwa hukumu. Zilikuwa matukio yaliyotaka uchunguzi zaidi. Uchunguzi huo ulifanywa kupitia utoaji wa majaribio ulioanza mwaka 2019 nchini Malawi, Ghana na Kenya.

Mwezi Februari 2020, jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilichapisha taarifa iliyohoji kama wazazi katika nchi hizo walikuwa wameelezwa vya kutosha kuhusu dalili hizo. Shirika la Afya Duniani lilitetea utaratibu wake. Kufikia Oktoba 2021, takwimu za watoto zaidi ya 800,000 hazikuthibitisha uhusiano wa chanjo na homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo wala vifo vya watoto wa kike, na tarehe 6 mwezi huo Shirika hilo lilipendekeza chanjo itumike kwa upana. Chanjo ya pili ya malaria, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo na Kilifi, ilipendekezwa mwezi Oktoba 2023.

Chanjo ilisafishwa na takwimu. Lakini swali la mawasiliano halikujibiwa na takwimu hizo, kwa kuwa mzazi wa mwaka 2019 hakuwa na majibu ya mwaka 2021. Waswahili husema: Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mara nyingi methali hii hutumiwa kuhalalisha uvumi. Yafaa isomwe pia kama onyo kwa wenye dhamana: jambo ambalo watu wamekwishalisikia, na wakubwa hawalitaji, hupata nguvu kutokana na ukimya huo. Kusema kwamba jambo fulani limeonekana, halijathibitishwa, na linaendelea kuchunguzwa, ni kauli inayowezekana kabisa kwa Kiswahili fasaha, na haimdanganyi mtu.

8. Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba uainishaji wa madhara ya chanjo ni kazi ya lugha kama ulivyo kazi ya tiba. Mapendekezo manne yanajitokeza. Mosi, neno tukio litumike kwa kila jambo lililofuatia chanjo, na neno madhara libaki kwa yale tu ambayo uchunguzi umethibitisha chanzo chake. Pili, -kali na -zito zigawanywe kazi, na mgawanyo huo ufuatwe katika fomu, mabango na matangazo ya redio. Tatu, idadi itajwe kwa watu au kwa dozi, wala isiachiwe vielezi. Nne, majina ya wenyeji kama degedege yasikwepwe. Yaelezwe, kwa sababu ndiyo majina ambayo mzazi atayatumia atakapoomba msaada.

Wanafunzi wa isimu na tafsiri wanayo nafasi katika kazi hii. Fomu za ridhaa, vipeperushi vya chanjo na maelezo ya wauguzi ni matini zinazostahili kuchunguzwa kwa makini yaleyale yanayotumika kuchunguza utenzi au riwaya, kwa kuwa kosa la kihusishi kimoja ndani yake linaweza kumzuia mama asimpeleke mtoto kituoni. Bagamoyo imetoa watoto wake kwa ajili ya maarifa ambayo sasa yanatumika Afrika nzima. Wanayostahili wazazi wao ni maelezo ya lugha yao wenyewe, yanayotenganisha kilichotokea baadaye na kilichotokea kwa sababu hiyo.